Homa Mbili za Bahasha

Ng'ombe akigoma kula, mwenye ng'ombe naye chakula hakimshuki kooni. Asubuhi ya Jumanne, fundi cherehani mmoja aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Sindano alisimama bandani na ndoo tupu ya kukamulia mkononi, akimtazama ng'ombe wake wa pekee asivyogusa majani. Majani yenyewe yalikuwa mabichi, yamekatwa jana yake jioni. Ng'ombe aliyanusa, akayapumulia, akageuza uso kama mgeni aliyetoka kula kwao.

Ng'ombe huyo aliitwa Bahasha. Alikuwa mweusi mwili mzima isipokuwa kwenye paji la uso, ambako alikuwa na baka jeupe la pembe tatu, utadhani mtu amefunga barua akasahau kuandika anwani. Alinunuliwa akiwa mtamba, hajazaa bado, mwaka ule Mama Sindano alipofiwa na mumewe, na tangu hapo kila alfajiri ndiye kiumbe wa kwanza aliyesemeshwa katika nyumba ile. Sasa alikuwa na ndama wa miezi miwili. Masikio yake, ambayo kwa kawaida hayatulii, yalikuwa yameanguka, na macho yalikuwa yanatiririka machozi. Mama Sindano alipomwekea kiganja shingoni alihisi moto. Chini ya sikio vidole vyake vikagota kwenye uvimbe wa ukubwa wa limau.

"Umepatwa na nini, mama yangu?" alimuuliza.

Pa kwenda alikuwa anapajua. Kliniki ya mifugo ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, na haikuwa na siri: nyumba ya vyumba viwili, benchi barazani, na uani kibanio cha mabomba ambamo ng'ombe huingizwa asiweze kugeuka. Tatizo lilikuwa daktari. Daktari alikuwa mkwe wake.

Hapo inabidi turudi nyuma kidogo. Jina la Mama Sindano halikutokana na cherehani peke yake. Ulimi wake nao ulikuwa unachoma na kushona kwa wakati mmoja. Alikuwa na watoto watatu, na kitinda mimba wake, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyekuwa mboni ya jicho lake. Miaka miwili iliyopita binti huyo alimpigia simu akamwambia, "Mama, kuna mtu anataka kuja kujitambulisha. Ni daktari."

Mama hakuuliza la pili. Kabla jua halijazama alikuwa ameshawaambia wateja wake wote, hata aliyekuja kupunguza urefu wa suruali. Alijiona ameketi hospitalini bila kupanga foleni, mkwe anampima presha kwa adabu zote. Siku ya utambulisho ilipofika, mgeni alichelewa kwa saa mbili. Alipotokea alikuwa juu ya pikipiki, amevaa buti za mpira, na mkono wa kulia wa shati lake jeupe umelowa hadi begani kwa kitu ambacho hakuna mtu sebuleni aliyetaka kukitaja. Alikuwa amesimamishwa njiani na mtu ambaye ng'ombe wake alishindwa kuzaa. Aliomba radhi, akaomba maji na sabuni, na hapo ndipo mama alipouliza kwa sauti ya chini, "Samahani, baba. Wewe ni daktari wa nini hasa?"

"Wa mifugo, mama."

Shangazi mmoja alishikwa na kikohozi kisichoisha, ikabidi atoke nje.

Ndoa ilifungwa na hakuna aliyeizuia. Lakini tangu siku ile Mama Sindano alimchukulia mkwe wake kama mtu anavyomchukulia karani wa posta: akisalimiwa anaitikia, akiulizwa anajibu, na baada ya hapo kila mtu na hamsini zake. Hakuwahi kumtukana. Alihakikisha tu kwamba hamhitaji kwa lolote. Jambo hilo liliwezekana mpaka miezi mitatu iliyopita, duka lililokuwa linauza dawa ya kupe lilipofungwa. Dawa ikawa inapatikana kliniki peke yake, mezani kwa mkwe. Mama Sindano akaliweka bomba la kupulizia juu ya kabati akasema atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Kupe wao hawakuchukua likizo.

Binti angekuwapo angekuwa daraja, lakini alikuwa mbali kwenye semina ya walimu, bado siku kumi na moja arudi. Mama Sindano alikuwa bado anapima mambo moyoni wakati jirani yake, mwenye bucha, alipochungulia juu ya ukuta.

"Naona huyo amelegea," alisema mwenye bucha. "Ng'ombe mgonjwa ni kama maziwa nje ya friji, jirani. Ukichelewa siku moja, umekosa yote."

"Kisu chako kiache kilale," alijibu Mama Sindano. "Hakijaitwa."

Maneno hayo ndiyo yaliyompa miguu. Alimfunga Bahasha kamba, akajitanda khanga, akatoka.

Njia ya nusu saa iliwachukua saa nzima. Bahasha alitembea hatua tatu, akasimama kukohoa, akatembea tena. Walipofika benchi lilikuwa limejaa. Mama Sindano alimfunga ng'ombe kivulini, akabanwa kwenye ncha ya benchi kati ya mzee mwenye boksi la kuku na mwanamke aliyekuwa amemshika mbuzi aliyevimba tumbo kama mpira.

Mlango wa chumba cha daktari ulikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza Mama Sindano alimwona mkwe wake akiwa kazini. Akimtembelea nyumbani, kijana yule alikuwa anakaa kwenye ncha ya kiti na kuinua kikombe kwa mikono miwili. Hapa alikuwa mtu mwingine. Alimlaza mbuzi ubavu, akapitisha mpira mwembamba mdomoni, akausukuma polepole huku akiongea na mnyama kama mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa. Ghafla ikasikika sauti ya upepo unaotoka, ndefu, isiyo na haya. Harufu iliyofuata iliwahamisha watu wote wa benchini hadi uani. Mbuzi alisimama, akajikung'uta, akaanza kutafuna pindo la koti la daktari.

"Ukimpa pumba kavu nyingi kwa mara moja, mama, yatajirudia haya," alimwambia mwenye mbuzi. "Kidogo kidogo. Hata wewe ukila hivyo utavimba."

Kisha ikaja zamu ya mzee wa kuku. Daktari alifungua boksi, akatazama shingo zilizopinda na kinyesi cha kijani, akalifunga tena taratibu.

"Baba, nisikudanganye. Hiki ni kideri, na kideri hakina dawa. Hawa hawatapona." Aliketi kando ya mzee, wakawa sawa kwa urefu. "Lakini nyumbani wamebaki wangapi wasioumwa? Hao tuwazungumzie. Wachanje wa jirani kwanza, halafu wako, kwa sababu..."

Alieleza mpaka mzee akaanza kuitikia kwa kichwa. Mama Sindano aliona kuwa mtu yule alikuwa ameambiwa habari mbaya lakini ameondoka akiwa amenyooka mgongo. Yeye mwenyewe, kila alipomwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi gauni, mteja aliondoka analia.

"Anayefuata," alisema daktari, akainua macho, akamwona mama mkwe wake. Kalamu ikamtoka mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo?"

"Hatujambo, mama. Sijui wewe."

"Mimi sijambo. Anayeumwa yuko nje."

Walimwingiza Bahasha kibanioni. Daktari alichukua kipimajoto, akakikung'uta, kisha akasita. Kipimajoto cha ng'ombe hakiwekwi kwapani. Alimtazama mama mkwe, akatazama mkia wa ng'ombe, akatazama mawingu.

"Mama, labda ungepumzika kule barazani kidogo."

"Kwa nini?"

"Ni... kazi yenyewe haina heshima sana."

"Baba," alisema Mama Sindano, "nimepima viuno vya wanaume mtaa mzima kwa miaka thelathini. Fanya kazi yako."

Kutoka dirishani kikasikika kicheko. Alikuwa mtaalamu wa maabara wa kliniki ile, mwanamke mnene mwenye miwani minene zaidi, ambaye kila mfugaji alimwita Bi Hadubini kwa kuwa hakuonekana mbali na kifaa hicho. Alikuwa amekiweka kwenye meza ya dirishani, kwenye mwanga mzuri.

Kipimajoto kilisoma arobaini na moja na nusu. Daktari alibonyeza tezi chini ya sikio, akabonyeza nyingine mbele ya bega, akasikiliza mapafu kwa muda mrefu. Aligeuza sikio la Bahasha ndani nje. Ndani ya sikio kupe walikuwa wamepangana kama shanga.

"Mama, kwa kawaida unampulizia dawa kila baada ya muda gani?"

"Kila wiki," alisema Mama Sindano.

Uongo ulitoka mtamu, umenyooka kama mshono wa mashine. Bi Hadubini alitoka na kichupa na kibano, akaanza kuwang'oa kupe mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti isiyo na nia yoyote. Alipofika kumi na saba akasema, kama anayezungumza na kupe, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Daktari aliandika kwenye daftari lake: kila wiki.

Alichoma sindano kwenye tezi iliyovimba, akavuta tone la maji, akalipaka kwenye kioo chembamba. Bi Hadubini alikitia rangi, akakiweka chini ya hadubini, akazungusha, akatulia. Kisha akaita, "Njoo uone mwenyewe, Mama Sindano. Mwenye mali ndiye anayestahili kumwona mwizi."

Mama Sindano alifumba jicho moja kama anayetunga uzi. Mwanzoni aliona kope zake tu. Halafu pakatokea miviringo ya zambarau, na ndani ya baadhi yake vinukta vingi vya buluu, kama mtu amedondosha wino.

"Hao ndio wadudu," alisema mkwe nyuma yake. "Kupe anawaacha ndani anaponyonya. Ugonjwa wenyewe ni ndigana kali. Umemuwahisha, mama. Wangekuwa wameshajaa mapafuni, tungekuwa tunaongea mengine."

Alimchoma Bahasha dawa kwenye msuli wa shingo, akamwandikia mama maelekezo kwa herufi kubwa, akasema maziwa yasinywewe na mtu mpaka atakaporuhusu. Kwenye kukabidhi karatasi alisema bila kumtazama, "Nitapita asubuhi na jioni kumpima, kama hutajali."

"Njia si yangu," alijibu Mama Sindano. Lakini usiku ule, kabla ya kulala, alitoa kabatini vikombe vya wageni, akavifuta vumbi.

Jumatano homa ilishuka. Bahasha alikula nusu ya majani yake, na Mama Sindano akashona magauni mawili kwa furaha. Mkwe alikuja alfajiri akielekea vijijini, na akarudi jua likizama, buti zake zimejaa tope la mashamba ya watu. Alikunywa chai akiwa amesimama. Alhamisi homa ilipanda tena. Alimchoma sindano ya pili, akasema wakati mwingine dawa huchukua muda. Alisema hivyo mara mbili, na mara ya pili Mama Sindano akasikia kwamba anajiambia mwenyewe.

Ijumaa Bahasha hakusimama.

Alikuwa amelala na kidevu chake ardhini. Mama Sindano alimwagia maji, akamsukuma, hata akamwimbia. Nje ya ukuta mwenye bucha alikohoa kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa biashara yake tu.

"Jirani, mimi sikuombei mabaya," alisema. "Ila mtoto wa watu amejitahidi, na dawa imekataa. Ukikubali, saa nne nakuja na vijana wangu, ng'ombe hateseki. Ukikataa, kesho hata ngozi hatutaigusa."

Mama Sindano alimgeuzia mgongo. Aliketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, akamshika Bahasha pua. Aliwaza saa nne. Kwa mara ya kwanza katika siku zile alilia, kidogo tu, akijifuta kwa pindo la khanga. Jua lilikuwa limeanza kuingia bandani kwa pembeni, likapiga moja kwa moja usoni mwa ng'ombe, na Mama Sindano, ambaye maisha yake yote alikuwa ameyatumia kulinganisha uzi na kitambaa, aliona kitu.

Aliinua mdomo wa Bahasha akatazama ufizi. Alikuwa amezoea kuuona ukiwa na rangi ya waridi. Sasa ulikuwa umechujuka, mweupe kama kitambaa kilicholowekwa kwenye sabuni kali. Alivuta ukope wa chini wa jicho. Hapo palikuwa na umanjano, ule wa shuka la zamani. Akaenda nyuma kutazama kinyesi. Kilikuwa kigumu, kikavu, vipande vipande kama vigae.

Pikipiki ilipolia nje hakungoja salamu.

"Baba, njoo huku. Rangi ya huyu mnyama si ile ya Jumanne."

Mkwe aliinama akatazama, kisha akasema, "Homa kali huwa inapausha, mama."

"Sikiliza. Mimi sijui magonjwa. Rangi nazijua. Hii haijapauka tu, imegeuka. Jumanne alikuwa na waridi, leo ana weupe na chini ya weupe kuna manjano. Na choo amefunga tangu jana mchana."

Angeweza kumjibu kama wasomi wengi wanavyowajibu wasiosoma. Mama Sindano alikuwa amejiandaa kwa hilo, ulimi wake ulikuwa umeshachongwa. Lakini mkwe alipiga magoti kwenye samadi, akafungua mdomo wa ng'ombe ukaelekea kwenye jua, akatazama kwa muda. Akauliza, "Mkojo? Umeuona ukiwa mwekundu?"

"Hapana. Wa kawaida, labda umekolea kidogo."

Alifungua begi, akakata kidogo sana kwenye ncha ya sikio, akapaka damu kwenye vioo viwili. "Naomba nusu saa," alisema. "Usimruhusu mtu yeyote amguse. Hata mimi, nikirudi bila jibu."

Mama Sindano alimwendea mwenye bucha na kumwambia saa nne imefutwa. Alirudi bandani, akamsogezea Bahasha majani mabichi laini, akayalowesha, akamlisha kwa mkono kama mgonjwa wa kitandani. Bahasha alimeza mawili matatu kwa heshima tu.

Mkwe hakuja peke yake. Nyuma ya pikipiki alikuwa amekaa Bi Hadubini, ameshikilia miwani kwa mkono mmoja na begi kwa mkono wa pili, na ilijulikana baadaye kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuiacha meza yake saa za kazi.

"Nilitaka kumwona mtu aliyeona kwa macho matupu," alisema Bi Hadubini akishuka, "nilichokiona mimi kwa kukikuza mara elfu."

Mkwe hakucheka. Alisimama mbele ya mama mkwe wake, mikono nyuma, kama mtoto wa shule aliyevunja dirisha.

"Mama, nilikosea."

"Vipi tena?"

"Siku ya Jumanne nilichukua maji ya tezi, sikuchukua damu. Nilipomwona mdudu mmoja nikafurahi, nikaacha kutafuta wa pili. Kumbe wamo wawili. Kuna ndigana kali, hiyo tumeipiga na inakwisha. Na kuna ndigana baridi, ambayo inakula damu yenyewe. Ndiyo maana anapauka na kufunga choo. Dawa yake ni nyingine kabisa. Ningepima damu siku ile, asingefikia kulala chini."

Mama Sindano alimtazama. Aliishi na mume miaka ishirini na sita, mtu mwema, Mungu amrehemu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Aliwahi kupotea njia, wakatokea mji mwingine kabisa, akasema barabara imehamishwa. Wala wateja hawakuwahi kulisema, wala mafundi wenzake, wala yeye mwenyewe. Neno dogo hivi, na mkwe wake alikuwa amelisema mbele ya mfanyakazi mwenzake bila kulizungusha.

Akakohoa. "Na mimi," alisema.

"Na wewe nini, mama?"

"Ile kila wiki. Haikuwa kila wiki." Alikuwa anatazama ndoo. "Ni miezi mitatu sijampulizia. Dawa ilikuwa kwako, na mimi sikutaka kuja kwako."

Bi Hadubini aligeuka, akaanza kumchunguza ndama kwa bidii kubwa.

"Nilijua, mama," alisema mkwe.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ningekuwa nimepata nini? Wewe ungeondoka na ng'ombe." Akafikiri kidogo. "Na mwenzangu akirudi semina angeniua."

Hapo Mama Sindano alicheka, kicheko kilichomjia bila hodi, na kikamtoa machozi aliyokuwa amebakiza ya asubuhi. Akasema, "Haya, daktari. Chukua sindano yako." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo bila kulitia neno hilo chumvi.

Kazi iliendelea mpaka adhuhuri. Walimwinua Bahasha akae kwa kifua, wakamwegemeza na magunia yaliyojazwa nyasi. Mkwe alichoma dawa mpya, dozi moja kwenye sehemu mbili ili isimuumize, na Mama Sindano akawa anashika kichwa na kumwambia ng'ombe habari za mtaa. Walimnywesha maji yenye chumvi na sukari, chupa baada ya chupa. Bi Hadubini alipima ndama, akakuta homa hana, akang'oa kupe wanne na kuwatia kichupani. Kabla hawajaondoka mkwe alimwonyesha mama mahali kupe wanapojificha: ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya mapaja, kwenye kiwele. Mama Sindano alimsikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayeeleza gauni la harusi.

Dawa haikufanya miujiza. Jumamosi ilipita Bahasha akiwa bado amelala, homa ikitambaa kushuka kama mzee kwenye ngazi. Jumapili asubuhi Mama Sindano alikwenda bandani miguu peku, akasikia kabla hajaona. Ilikuwa sauti ya kusaga, nzito, ya upande mmoja kisha wa pili. Bahasha alikuwa amesimama, miguu ikitetemeka, macho yamefumba nusu, anacheua. Mama Sindano hakusogea. Alikaa mlangoni akausikiliza ule usagaji mpaka maji ya chai jikoni yakakauka na sufuria ikaanza kunuka.

Alimpigia simu mkwe kumwambia. "Anacheua," alisema.

"Anacheua?"

"Sikiliza." Akaielekeza simu kwenye shavu la ng'ombe.

Kutoka upande wa pili alisikia mkwe akimwita Bi Hadubini, kisha wote wawili wakanyamaza, wanasikiliza. Mazungumzo hayo yalikuwa ya dakika tatu na hakuna binadamu aliyesema neno.

Wiki iliyofuata ufizi wa Bahasha ulirudi taratibu, kwanza rangi ya chai ya maziwa, kisha rangi ya waridi hafifu, kisha waridi yenyewe. Mama Sindano alikata vipande vitatu vya kitambaa kuanzia cheupe hadi cha waridi, akavishona kwenye kadi, akampelekea Bi Hadubini kliniki. Wafugaji wakaanza kuonyeshwa kadi hiyo: ukifungua mdomo wa ng'ombe wako ukaona hiki, mlete leo, ukiona hiki, mlete jana. Mwenye bucha naye aliomba moja. Alisema hata yeye anapenda kujua anachonunua. Mama Sindano alimshonea, ila akamwambia kadi hiyo haifanyi kazi juu ya ukuta, ni lazima mtu aingie kwa mlango na kupiga hodi.

Jumamosi ya wiki hiyo binti alirudi kutoka semina. Katika siku zote hizo mume wake alimwambia kwenye simu tu kwamba Bahasha alikuwa na homa kidogo, na mama alimwambia tu kwamba mambo ni mazuri, na mwalimu yeyote anajua kwamba watoto wawili wakitoa majibu mafupi namna hiyo kuna kitu kimevunjika. Hakupita nyumbani kwake. Alishuka stendi akaenda moja kwa moja kwa mama yake, begi begani, moyo juu.

Sebuleni hapakuwa na mtu. Jikoni palikuwa na vikombe viwili vya chai iliyopoa. Alizunguka nyuma, na kutoka bandani akasikia sauti zimepanda.

"Hapo chini ya mkia hujafika," ilikuwa sauti ya mama.

"Nimefika, mama. Nimefika mara mbili."

"Umepapasa. Kupapasa si kufika. Nipe hilo bomba."

"Upepo unavuma kwako, mama, dawa itakuingia machoni. Simama upande huu kwanza."

"Upepo nimeuona kabla yako. Shika mkia."

Binti alisogea mlangoni. Mume wake alikuwa ameshika mkia wa Bahasha juu kwa mikono miwili, amevaa buti za mpira na aproni ya ushonaji ya mama mkwe wake. Mama naye alikuwa ameinama na bomba, amejifunga kitambaa puani, anapulizia kwa makini ya mtu anayeshona tundu la kifungo. Ndama alikuwa analamba begi la dawa. Bahasha alikuwa anatafuna, na alikuwa wa kwanza kumwona mgeni.

"Mama, shikamoo," alisema binti. "Nimefika."

"Marahaba, mwanangu, ngoja kidogo," alisema mama bila kugeuka. "Daktari, inua zaidi."

Binti aliona ndoo iliyofudikizwa karibu na mlango. Akaweka begi chini, akaketi, akawangoja wamalize.